Boksi la Mwosha

Mtaani kwetu Rasbura alikuwako mwanamke ambaye kazi yake tuliihitaji sote na hakuna aliyependa kuiona ikisogea mlangoni kwake. Alikuwa akiosha maiti wa kike. Mbele yake tulimwita Bibi. Akishapita tulimwita Mwosha, na hapa nami nitamwita hivyo, maana ndilo jina lililomkaa.

Watu wakitaka kumtania walimwambia, "Bibi, mwosha huoshwa." Alicheka na kila utani, hata wa kuudhi, ila huo ulimnyamazisha. Kufa hakukumtisha. Asubuhi moja aliniambia, akipepeta mchele kwenye ungo, "Huoshwa, sawa. Na nani?" Wakati huo wanawake wote aliokuwa akiwafundisha kazi yake walikuwa wamekwisha kumkimbia, na walimkimbia kwa sababu ya popo.

Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Kucha alizikata hadi karibu na nyama, na vidole vilinukia karafuumaiti, harufu isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Mimi ni mwoga, afadhali niseme mapema. Kwa miaka mingi nilipokea kashata zake kwa heshima zote na kuzila huku nimebana pumzi. Naye alijua. "Kula, mwanangu," aliniambia, "hao ninaowashika ni wasafi kuliko wewe."

Mwanamke huyo aliyekaa na maiti chumbani bila kutikisika, alikuwa akiogopa kuku. Kuku akikatiza ukumbini, yeye alipanda juu ya kochi na kuita watu. Msibani hakutoa chozi, lakini tamthilia za televisheni zilimliza mpaka akalowesha ukaya wake wa kichwani. Umbea wa watu walio hai aliupenda waziwazi: nani kaachika, nani karudiwa, nani kapika pilau la harusi likawa uji. Ila ukimtajia mtu aliyefariki, hata kwa wema, mdomo wake ulifungwa. Mwosha hasemi alichokiona, ndiyo sheria ya kazi, na yeye aliifuata kuliko wengine wote niliowajua. Akiwa ndani anaosha, wafiwa nje ya pazia wakamwuliza kitu chochote, iwe marehemu yukoje, iwe mbona mnachelewa, jibu lake lilikuwa moja tu.

"Leteni maji."

Hata watoto wa mtaa waliigiza sauti ile, nzito na ya polepole. Nikiwa na homa niliwahi kuiota.

Kikapu chake cha ukindu kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na khanga mbili, sabuni, taulo kuukuu, glavu nene za mafundi ujenzi, na boksi la viatu. Boksi lenyewe lilitobolewa matundu madogo pande zote kwa sindano ya kushonea magunia. Kikapu hicho kiliogopwa. Zaidi ya mara moja nilipita kwake nikamkuta amekwisha kukitungua na kuvaa baibui, ameketi kimya kando ya simu, na simu haijalia. Kisha ikalia. Nilijipa moyo kwamba alikuwa anawajua wagonjwa wote wa mtaa na hali zao, kwa hiyo si ajabu. Nilijipa moyo hivyo mpaka nikafika nyumbani na kufunga mlango.

Na alikuwa na tabia nyingine iliyowatia watu baridi. Akiingia nyumba ya msiba, kabla hata ya kutoa salamu, alisimama kizingitini akatazama juu. Aliikagua dari taratibu, kona hadi kona. Ndipo akasema, "Asalamu alaykum."

Sasa popo. Nyumba nyingi za kwetu ni za zamani, bati juu na dari ya mbao chini yake, na katikati hapo wanalala popo wadogo, wale wa kula wadudu. Mchana huwasikii. Magharibi wanatoka kwenye upenyo wa bati mmoja mmoja, na hakuna mtu anayewajali. Lakini katika misiba ya wanawake ilikuwa ikitokea jambo. Maiti amelazwa chumbani, Mwosha yumo ndani na wenzake, mara popo anadondoka kutoka darini mchana kweupe. Anaanguka sakafuni au juu ya shuka, anajikokota kwa mabawa yaliyokunjika, anafungua kinywa bila sauti. Haikuwa kila msiba. Ilitosha.

Wanawake walikimbia. Mwosha alivaa glavu zake, akamfunika popo kwa taulo, akamwinua na taulo lake, akamtia kwenye boksi na kufunika. Kisha akanawa na kuendelea na marehemu. Maziko yakiisha, alirudi kwake na boksi kikapuni. Jua likizama alionekana uani, mkono wake umeinuliwa kwenye ukuta mrefu wa gofu lililopakana naye, amesimama hivyo muda mrefu, mpaka kitu cheusi kikatoka na kupotea juu ya minazi.

Hebu niambie wewe, mtu ameona hayo kutoka dirishani kwake, atasema nini? Walisema alikuwa anakusanya roho. Walisema popo wanamfuata, kwamba akitazama dari anawaita, na ndiyo maana anakaa amevaa kabla ya simu. Lisemwalo lipo, walimalizia, na kama halipo laja. Mimi niliwacheka hadharani. Lakini jioni dirisha langu la upande wa gofu nililifunga mapema.

Aliyeyatia nguvu maneno hayo ni Zuhura, binti wa mama yangu mkubwa, na sitamlaumu. Siku mama mkubwa alipofariki, Mwosha aliitwa kama kawaida. Nyumba ilijaa wanawake, moshi wa ubani ulikuwa mzito mpaka macho yanawasha. Zuhura aliomba awemo ndani wakati mama yake anaoshwa, akaruhusiwa. Popo akadondoka kifuani mwa marehemu.

Zuhura hakukimbia. Alimwendea mama yake, akamkamata yule popo kwa mkono mtupu ili amtupe, naye akamuuma kidoleni. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, damu yake haikujaza hata ncha ya sindano.

Mwosha aliacha kila kitu. Alimshika Zuhura mkono, akamtoa hadi bombani uani, akampaka sabuni na kufungua maji yamiminike juu ya kidole.

"Usitoe mkono. Nitasoma Yasini yote, nikimaliza ndiyo utatoa."

Akaisoma yote, kwa sauti, amemshika kifundo. Sisi tulisimama tukitazama, tukidhani ni kisomo cha kuondoa shari. Alipomaliza alisema, "Haya, hospitali. Sasa hivi. Mwiteni bodaboda."

"Siendi popote," Zuhura akasema. "Mama yangu hajavikwa sanda. Sijamuaga."

"Utakwenda."

"Kesho, Bibi. Nakuomba. Wakishazika tu nakwenda."

"Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake, mwanangu. Kikishaanza kujionyesha hakina dawa. Mama yako amekwisha kufika. Wewe bado uko njiani."

Alimpandisha kwenye pikipiki kwa mikono yake ile, Zuhura akipiga kelele mtaa mzima unasikia. Alipochomwa sindano na kurudi, jeneza lilikuwa limekwisha kwenda. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Pale penye sanda, kabla uso haujafunikwa, ndipo unapomuaga mtu wako, na Zuhura alipakosa. Alimaliza sindano zote alizoandikiwa, yuko hai hadi leo na ana afya kunishinda, lakini tangu siku ile alisema kwa kila aliyetaka kumsikiliza kwamba Mwosha alimleta popo ili amtoe kwa mama yake. Kwa nini? Mtu aliyeumia hivyo huwa haulizwi.

Misiba ikaanza kumpita Mwosha. Watu waliagiza waoshaji mitaa mingine, hata kama maiti angengoja. Wanafunzi wake wakapata udhuru, huyu mgongo, yule mume hataki. Kikapu kikakaa msumarini. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali la kwenye ungo, na baada ya siku chache akaja kwangu na kuliuliza kwa namna nyingine.

"Wewe utaniosha."

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba hatanii. "Bibi, mimi hata samaki nikimkuta ana macho namgeuza upande wa pili."

"Nitakufundisha. Tutaanza na wadogo."

Sikumwelewa mpaka masika, asubuhi nilipomkuta popo kwenye ndoo yangu tupu ya jikoni, ameloa, amejikunja chini kabisa. Nilimwita Mwosha kwa kelele. Alikuja, akachungulia, akaweka kikapu chini na kuketi kwenye kigoda. Glavu akanirushia mimi.

"Watoto watoke. Paka atoke. Zima pangaboi. Mkono mtupu, kamwe, hata akionekana amekufa." Nilivaa glavu. "Sasa taulo. Mfunike wote, na kichwa. Akiwa gizani anatulia. Usimbane, mabawa yake ni vidole, vinavunjika. Mchukue na taulo lake."

Mikono yangu ilitetemeka. Ndani ya taulo nilihisi kitu chepesi kama ganda la korosho, na ganda hilo lilikuwa linapiga moyo.

"Polepole. Asiye na mdomo wa kusema anaumia, usimharakishe."

Tulimweka ndani ya boksi, kitambaa kimening'inizwa upande mmoja ili apate pa kung'ang'ania, na kifuniko cha chupa ya soda chenye maji kidogo. Nilitaka kumpa maziwa, akanikatalia. Nilitaka kumpa kipande cha papai, akaniuliza kama nimewahi kuona papai linaruka usiku kama mdudu. Tukaliweka boksi juu ya kabati, mahali pa giza, tukamwacha bila kumchunguliachungulia. Kama bawa lingekuwa limevunjika tungempeleka kwa bwana mifugo, lakini lilikuwa zima. Magharibi tulimpeleka kwenye ukuta wa gofu. Nilitaka kumrusha juu, akanishika mkono.

"Huyu si kuku. Mweke juu, mwache apande mwenyewe. Anaanguka kwanza, halafu ndipo anaruka."

Niliinamisha boksi ukutani, mkono juu, nikasimama vile vile nilivyokuwa nikimwona yeye akisimama. Nilijua madirisha yote ya mtaa yananitazama. Popo alipanda ukuta akikwaruza, akatulia, akajiachia. Kwa nukta moja alikuwa jiwe linaloanguka. Kisha hakuwapo.

"Basi," Mwosha akasema. "Anayeweza kumshika huyu bila kumuumiza na bila kuumizwa, ataniweza mimi."

Mambo hayo hakuzaliwa nayo. Zamani aliwahi kuumwa yeye mwenyewe, na nesi mmoja aliyemchoma sindano ndiye aliyemfokea na kumfundisha, maji ya sabuni, glavu, boksi na yote. Kuipima kwa Yasini ile robo saa ya kuosha kidonda ndiko tu kulikuwa kwake, maana saa ya mkononi hakuwa nayo. Hayo alinieleza kwa furaha, kwa kuwa nesi alikuwa hai na kwa hiyo aliruhusiwa kumsema.

Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, amekonda mpaka mikono ile imebaki kuwa yeye mzima. Nilimkalisha, nikamnywesha uji. Alitazama dari.

"Nikifa msichome ubani ndani. Chetezo kikae nje, barabarani kwa wanaume."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kuna wageni juu. Moshi unawalevya."

Nilibaki na kijiko mkononi. Nikaziona nyumba zote za msiba, vyetezo vinafuka miguuni pa maiti, moshi unapanda kwenye nyufa za mbao, na juu huko gizani viumbe wamelala kichwa chini wanauvuta. Nikamwona yeye kizingitini anatazama dari. Alikuwa anatafuta nyufa.

Nilikasirika mpaka nikatokwa na machozi. "Na siku zote hizo ulijua! Neno moja tu, Bibi! Watu wamekuita mchawi, wanafunzi wamekukimbia, Zuhura hakupi hata shikamoo, na wewe ulikuwa na neno moja!"

"Nimwambie nini mtu aliyefiwa? Kwamba ubani wake ndio uliomwangushia mama yake popo?"

"Ndiyo!"

"Mwosha hasemi alichokiona msibani."

"Moshi si maiti."

"Umo nyumbani kwake," akasema, akageukia ukutani. Baadaye kidogo aliniuliza, bila kunitazama, "Utakuja lakini?"

"Nitakuja."

Alifariki alfajiri ya Ijumaa. Wanawake walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, maana msiba ni msiba, lakini walikaa uani. Walioingia nami chumbani walikuwa jirani wawili, na nadhani waliingia kwa kunionea haya. Zuhura alikuja pia. Alijipa kazi ya kuteka maji bombani na kuyafikisha pazia lilipo, hakuvuka hapo. Chetezo nilikipeleka barabarani mwenyewe. Nilirudi nikanusa kila chumba kama paka. Hapakuwa na harufu ya moshi hata kidogo.

Kabla ya kuingia alipolazwa nilijikuta nimesimama kizingitini, nimetazama juu, kona hadi kona. Ndipo nikatoa salamu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemfunika shuka la kuoshea nikasikia mkwaruzo. Sikutaka kuinua macho. Jirani mmoja aliinua, na nikaona uso wake ukibadilika. Popo alikuwa anashuka ukutani. Hakuwa ameanguka wala hakulewa. Alishuka kichwa mbele, bawa moja, bawa la pili, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba anayoijua, hadi usawa wa mto wa Mwosha. Hapo akasimama. Akakunja mabawa, akatulia kimya karibu na sikio lake.

Jirani zangu walitoka kwa pamoja, pazia nusura ling'oke. Uani zikaanza kelele, nikasikia dua, nikasikia "si niliwaambia", na vitasa vya geti. Nikabaki peke yangu na Mwosha na popo. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo kabla wala baada. Mlango ulikuwa hatua chache. Nilijua nikitoka na mimi hakuna atakayerudi humu ndani, na swali la kwenye ungo litakuwa limejibiwa.

Nikatungua kikapu msumarini. Nikavaa glavu. Nikamfunika popo kwa taulo, na kichwa, bila kumbana, nikamchukua na taulo lake. Alikuwa mwepesi vile vile. Nikamtia kwenye boksi, nikaliweka juu ya kabati angoje Magharibi, nikavua glavu na kunawa. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka, na hilo nalo lilinitisha.

Nje ya pazia ikaja sauti ya Zuhura, imekauka.

"Kuna nini huko ndani?"

Nilimtazama Mwosha. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Zuhura, moshi, dari, Yasini ile, miaka yote ile. Nikafungua kinywa.

"Leteni maji," nikasema.

Uani kote kukanyamaza. Nikasikia bomba linadondosha matone. Kisha pazia likasogea na Zuhura akaingia na ndoo yake mwenyewe. Aliliona boksi juu ya kabati. Akakitazama kidole chake, akaitazama mikono ya Mwosha iliyolala ubavuni. Akaweka ndoo chini, akakunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko.

"Tunaanza upande gani?" akaniuliza.

"Kulia," nikasema. "Na polepole."